Mlango wa Nyuma wa Banda la Uji

Watu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, walipotaka kumtaja Bilhah Ajwang hawakulitaja jina lake, bali walisema "kwa uji". "Umemfikisha baba yako kwa uji?" wangeulizana alfajiri, vikapu vikiwa mgongoni. "Mama yuko kwa uji mpaka jioni." Hata karani, aliyependa kuandika kila jambo kwa utaratibu, alikuwa amezoea kusema hivyo hivyo.

Bilhah alifika katika nchi ya chai mwaka wa 1927, akimfuata mumewe aliyekuwa ameandikwa kung'oa visiki katika shamba jipya lililo mwendo wa asubuhi moja kutoka Kiptere. Baada ya miaka minne mume alishikwa na homa ya mapafu, akafariki. Kwa desturi ya shamba, mjane asiye na kazi alipaswa kufunga mizigo yake na kurudi kwao. Lakini Bilhah alikuwa amekwisha kujulikana kuwa mpishi wa uji wa saa sita, na hakuna mtu mwingine aliyeweza kukoroga pipa zima pasipo kuuacha uungue chini. Opiyo, mwanawe wa pekee, alikuwa Kisumu kwenye kazi ya reli. Basi mama akaachwa akae, apike.

Banda alilopikia lilikuwa la kitalu cha zamani, mahali miche ya chai ilipolelewa kivulini kabla kitalu hakijahamishiwa karibu na mto. Lilikuwa na paa la nyasi, kuta za fito zilizokandikwa udongo, na mlango mmoja tu, mpana, ulioelekea laini. Meko yalikuwa mwisho kabisa wa banda, upande wa nyuma. Hivyo aliyekwenda kuchota maji au kuleta kuni alipaswa kulipita banda zima, akienda na akirudi.

Wa kwanza kuletwa hapo alikuwa Gichuki, kaka wa Nganga, seremala aliyegongelea masanduku ya chai kiwandani. Gichuki alikuwa kipofu tangu utoto, kwa ndui. Nganga alimleta asubuhi moja ya mvua, akamwambia Bilhah, "Mama, akae hapa karibu na moto mpaka kazi iishe. Hana usumbufu ila maneno."

"Maneno hayaungui," alijibu Bilhah. "Mwache."

Baada yake akaja bibi mmoja wa Chebunyo, mama wa mchunga ng'ombe wa shamba, aliyevimba miguu na asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Kisha wakaja wengine wawili. Waliletwa asubuhi kipande cha reli kilichotundikwa kama kengele kilipogongwa, wakachukuliwa majani yalipokwisha kupimwa jioni. Na kila jamaa alileta kikombe cha unga wa posho kwa ajili ya mtu wake. Bilhah hakumwacha yeyote akae mikono mitupu. Gichuki alisokota kamba za vikapu. Bibi wa Chebunyo alichambua mawe katika wimbi, akiimba kwa sauti ndogo wimbo ambao hakuna aliyeujua. Bilhah aliwaosha, akawabadilishia nguo zilizolowa, akawapeleka kichakani na kuwarudisha, wala hakuliona jambo hilo kuwa la kusimuliwa.

Mzee Nyamweya aliletwa mwaka wa 1933, mara baada ya mvua ndefu. Mkewe alikuwa amefariki huko Kisii, na akili yake ilikuwa imeanza kuchakaa. Alikuwa akiamka na kuulizia ng'ombe waliouzwa zamani za vita. Mwanawe Lazarus, mchumaji hodari wa majani, hakuwa na ndugu wa kumwachia. Akamleta shambani. Lakini Wagusii wanayo heshima waiitayo chinsoni, na kwa heshima hiyo baba haingii nyumba ya mwanawe aliyekwisha kuoa, wala mkwe wa kike hapiti mbele ya baba wa mumewe ovyo ovyo. Huko kwao kila mtu ana nyumba yake na ua wake. Hapa laini Lazarus alikuwa na chumba kimoja. Usiku mzee alilala kwa mlinzi wa ghala, mtu wa kwao. Mchana hakuwa na mahali, naye alikuwa akikaa nje ya mlango wa mwanawe, amejifunika blanketi, mvua ya mawe ikimpiga, mpaka Bilhah alipokwenda mwenyewe na kumshika mkono.

"Twende, baba. Huko kwangu si nyumba ya mtu. Ni banda la uji."

Mzee alifikiri sana juu ya neno hilo, kisha akainuka.

Miezi miwili ilipita kwa amani. Mzee alipewa mahindi apukuchue, akayapukuchua. Yalipokwisha alipewa magunzi yale yale yaliyokwisha kupukuchuliwa, naye akayageuza geuza kwa heshima. Ndipo Mellen, mke wa Lazarus, mwenye mimba ya miezi saba, alipoanguka mara mbili mtelemkoni na kikapu chake. Joab, nyapara wa laini, hakuwa mtu mkatili. Alimwondoa katika uchumaji, akamwandika kumsaidia Bilhah kupika. "Asiyechuma lazima aonekane kwenye kazi nyingine," alisema. "Nisipomwona kwa uji, namfuta kwenye orodha."

Bilhah alifurahi. Mgongo wake ulikuwa umeanza kulalamika, na Mellen alikuwa binti mwenye mikono myepesi, mwenye kucheka kwa kificho. Ila tangu juma lile mzee Nyamweya akaanza kupotea.

Alipotea mara ya kwanza, akapatikana njia ya kiwandani. Alipotea mara ya pili, akapatikana mtoni, miguu ndani ya maji, akingoja ng'ombe wanywe. Mara ya tatu alikutwa katika bustani ya bwana meneja, amechutama kati ya mawaridi, akiyang'oa moja moja kwa uangalifu, kama mtu anayepalilia wimbi. Alikuwa amekwisha kumaliza mstari mzima.

Joab alikuja jioni ile ile, fimbo kwapani.

"Mama Opiyo," alisema, "leo bwana hakupiga kelele. Angepiga kelele ningefurahi. Alinena taratibu sana. Mzee akionekana akitangatanga mara moja tena, yeye na mwanawe na mke wa mwanawe watoke shambani kabla mwezi haujaisha."

"Na mimba ile?"

"Bwana hakuniuliza habari za mimba. Nami ningesema nini? Kwamba mawaridi yalikuwa na magugu?"

Lazarus alipopata habari alikuja akasimama nje ya banda, kofia mkononi. Alisema kwamba hangengoja kufukuzwa. Angemchukua baba yake Jumatatu, waende kwa miguu. Bilhah alitazama tumbo la Mellen, akaihesabu moyoni ile njia ya milima mpaka Kisii, na mvua za alasiri.

"Nipe siku chache, mwanangu," alisema. "Mtu hatoki mahali penye moto na uji pasipo sababu. Niache niitafute."

Akaitafuta kwa bidii. Aliweka benchi mlangoni. Mzee alilipanda kwa adabu, akaomba radhi, akaenda zake. Alimkalisha pembeni, mbali na mlango, lakini mzee alizunguka. Mwanamke mmoja wa laini alimshauri amfunge mguu kwa kamba.

"Kamba ninazo," alidakia Gichuki kutoka kwenye mkeka wake. "Lakini mkifunga mzee wa watu, mtafunga na kipofu, maana mimi nitaondoka kabla yake."

"Wewe utaondoka kwenda wapi, usiyeona hata pua yako?" Bilhah alimwuliza.

"Nitafuata mawaridi, mama. Yananukia."

Bilhah alicheka, japo hakuwa na moyo wa kucheka. Hakumfunga mtu.

Siku ya Alhamisi Mellen alikwenda kwa dresa wa zahanati ya shamba kupimwa, akakaa huko kutwa. Siku hiyo mzee Nyamweya hakuinuka hata mara moja. Alikunywa uji, akasinzia, akaamka, akasimulia habari za mbuzi aliyezaa mapacha mara tatu. Bilhah alidhani kwamba ugonjwa umempungua. Ijumaa Mellen alirudi, na kabla maji ya kwanza hayajachemka mzee alikuwa nje, na Bilhah alimkimbilia mpaka kwenye mti wa mpaka wa shamba, pumzi zikimwisha.

Alipomrudisha, Gichuki alimwita kwa sauti ya chini.

"Mama, nitakwambia kitu, usinicheke."

"Sema."

"Huyu mzee hatangatangi. Huyu anafukuzwa."

"Anafukuzwa na nani hapa?"

"Na nyayo za yule binti. Akiingia mlangoni, mkeka wa mzee unakwaruza. Akitoka kwenda mtoni, unakwaruza tena. Tangu asubuhi mara sita kaingia, na mara sita mkeka umelia. Wewe unashughulika na pipa lako, huwezi kusikia. Mimi sina kazi ila masikio."

Bilhah hakucheka. Alimtuma Mellen kuleta kuni, akaliacha pipa, akasimama pembeni akitazama. Mellen aliporudi na mzigo wake, akapita mbele ya mzee kama alivyopita kila siku. Mzee Nyamweya aligeuza uso ukutani, akajivutia blanketi mpaka kwenye nyusi, akangoja. Nyayo zilipokwisha kupita, aliinuka polepole, akatoka, macho yakiwa chini. Bilhah akamfuata. Nje mzee alisimama, akatazama huku na huku kwa mashaka, kama mtu aliyetumwa akasahau ujumbe.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Natoka."

"Kwa nini unatoka?"

Mzee alimkazia macho, akiushangaa ujinga wa swali lile. "Mtu mzima hutoka," alisema. Kisha, kwa kuwa alikwisha kuwa njiani na sababu imempotea, akaendelea na safari.

Alasiri ile, wengine walipokuwa wakisinzia, Bilhah alimketisha Mellen kwenye gogo nje ya banda, akamweleza alichokiona. Mellen alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunika uso kwa leso.

"Mimi ndiye niliyekosa," alisema. "Wewe ni mgeni wa mambo yetu, mama, mimi nayajua tangu mtoto. Lakini hanitambui! Juzi aliniuliza kama nimetoka Nyaribari kuuza mbuzi. Nikajisemea, mtu asiyenijua hawezi kunionea haya. Ndiyo maana nimekuwa nikimpita mbele ya magoti yake kila siku, na tumbo hili."

"Jina lako amelisahau," alisema Bilhah. "Haya yake hajaisahau. Imebaki peke yake, maskini, haina hata anayeielekeza."

"Basi nisije tena."

"Usipokuja, Joab anakufuta. Akikufuta, mtatoka vile vile. Acha kulia, unamchosha mtoto. Banda hili lina kuta nne, na mlango ni mmoja tu. Sioni kwa nini uwe mmoja."

Jumapili, Nganga alitoka kanisani akaja moja kwa moja, koti lake la ibada likiwa bado mwilini. Alilitundika msumarini, akapima ukuta wa nyuma kwa kamba ya kaka yake.

"Kaka, nimesikia umenunua nyumba," Nganga alimtania Gichuki.

"Nimenunua. Sasa naongeza mlango wa wageni. Kata vizuri, usiniangushie ukuta; nyumba nimeitafuta kwa jasho."

Lazarus naye alikuja kusaidia. Alikata fito na kuchimba mashimo ya miimo, Nganga akitengeneza mlango kwa mbao za masanduku ya chai yaliyovunjika. Kisha wakasimamisha kiambaza cha matete kutoka ukuta hadi ukuta, meko yakiwa upande mmoja na mikeka upande wa pili, na katika kiambaza wakaacha nafasi ndogo ya kupitishia vikombe. Jua lilipoelekea kutua kazi ilikuwa imekwisha. Mellen angeingia kwa nyuma, apike nyuma, atoke kwa nyuma. Hakuna aliyekuwa amemwomba mtu ruhusa, na Bilhah alilijua jambo hilo vema.

Jumatatu saa tano Joab alifika. Alilizunguka banda lote mara moja kabla ya kuingia, na Bilhah alimsikia akigonga mbao mpya kwa fimbo.

"Mama Opiyo, nani amekupa ruhusa ya kutoboa ukuta wa shamba?"

"Karibu, nyapara. Kaa unywe uji."

"Sikuja kunywa uji. Nimekuja kuhesabu watu, maana bwana ataniuliza saa sita. Mzee yuko wapi?"

"Huyo hapo mbele yako."

Mzee Nyamweya alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, gunzi mkononi. Alimsalimu nyapara kwa Kigusii, kwa ukamilifu, akimwulizia watu wa nyumbani kwake na mifugo yake. Joab, aliyekuwa mtu wa ziwani kama Bilhah, hakuelewa neno, akaitikia kwa kichwa.

"Na mke wa Lazarus? Nimesema nisipomwona namfuta."

"Yuko nyuma ya matete, anakoroga."

"Aje hapa mbele nimwone."

Bibi wa Chebunyo aliacha kuimba. Nyuma ya matete mwiko ulisimama ndani ya pipa.

"Sitakuja, nyapara," ilisema sauti ya Mellen, ndogo lakini wazi. "Nisamehe. Hapo mbele sitakuja."

"Unasema nini? Wewe binti unanikatalia mimi?" Joab alipandisha sauti. "Mnataka kuniharibia kazi? Bwana akisikia kwamba watu wa laini wananijibu hivi, atatoka Lazarus, nitatoka na mimi!"

Sauti ilipopanda, mzee Nyamweya aliweka gunzi chini, akaanza kujiinua kwa mkono mmoja. Bilhah alimwona. Alijua kwamba binti akitokea mbele sasa, mzee atatoka. Na akitoka mbele ya macho ya nyapara, hakuna maneno yatakayomrudisha. Akajiweka kati ya Joab na kiambaza, mikono kiunoni.

"Joab, mwana wa kwetu," alisema kwa utulivu, "mama mkwe wako yu hai?"

"Mama mkwe ameingiaje hapa?"

"Nijibu tu. Yu hai?"

"Yu hai. Yuko kwao."

"Ingekuwa anakuja sasa hivi kwa mlango ule, nami nakukabidhi kikombe, nakwambia kunywa, Joab, kunywa mbele yake, yeye akikutazama kinywani. Ungekunywa?"

Joab alitazama mlango kama kwamba mtu yule anaweza kweli kuingia. Gichuki alikohoa, kikohozi chenye kicheko ndani yake.

"Ningeruka ukuta," alisema Joab mwishowe.

"Huyu mzee hawezi kuruka ukuta. Ndiyo maana alikuwa akienda kwenye mawaridi. Yule binti ni mke wa mwanawe, na kila siku tulimpitisha mbele ya magoti yake. Tumetoboa ukuta ili mtu asilazimike kuuruka. Ukitaka kumwona Mellen, zunguka wewe. Miguu yako ni mizima."

Joab alikuna kidevu kwa kichwa cha fimbo. Kisha akatoka kwa mlango wa mbele, na wote wakamsikia akizunguka nje, viatu vyake vikisaga changarawe, mpaka mlango wa nyuma ulipolia bawabani.

"Haya, nimekuona," alisema huko nyuma. "Koroga, unaungua huo."

"Ndiyo, nyapara."

"Na mlango huu upakwe lami, mbao hizi zitaoza kwa mvua. Mwambie Nganga." Akaugonga ubao kwa fimbo. "Bwana nitamwambia mzee ametulia. Habari za ukuta nitamwambia siku nyingine, akiwa ameshiba."

Alikwenda zake. Mzee Nyamweya, ambaye alikuwa bado ameegemea mkono wake sakafuni, alishuka tena polepole mkekani. Bilhah alimrudishia gunzi lake, naye akalipokea.

Reli ilipogongwa saa sita, wachumaji walijipanga nje na vikombe vyao, na Bilhah akawagawia, kisha akapokea kikombe kutoka nafasi ya matete, akamtilia mzee mkononi. Mzee alionja. Alionja tena.

"Huu haukupikwa na wewe," alimwambia Bilhah.

"Umejuaje?"

"Wako una chumvi nyingi. Nani ameupika?"

Nyuma ya matete mwiko ulisimama tena. Bilhah alifikiri, akachagua maneno yake.

"Umepikwa na mtu wa nyumba yako, baba. Mke wa mwanao."

Mzee Nyamweya alilichukua neno hilo kwa uzito, akakitazama kikombe, akalitazama lile pazia la matete, akautazama mlango mpana ulio wazi na mistari ya chai iliyopanda kilima mbele yake.

"Ana adabu nzuri," alisema. "Mimi niko hapa tangu asubuhi, wala sijamwona."

Akanywa uji wake mpaka chini, akakifuta kikombe kwa kidole, akakirudisha.